Gauni la Kuanzia Kola

Mama mkwe wangu alishona kola kiwandani maisha yake yote ya kazi. Kola tu. Mwenzake wa kushoto alishona mikono, wa kulia vifungo, na shati likakamilikia mbele huko, mikononi mwa watu wengine. Alipostaafu wakamzawadia cherehani. Akahamia nayo kwetu, akaifunika shuka, akaisukumia nyuma ya mlango.

"Mpe mtu mwenye kazi nayo," aliniambia asubuhi moja akichambua mchele. "Mimi basi tena. Nakula, nalala, nawazibia njia."

Nikatoa kitambaa cha maua nilichokiweka siku nyingi. "Kabla hatujaitoa, mama, mshonee mjukuu wako gauni."

Niliporudi kutoka masomo yangu ya jioni nilimkuta ameinama cherehanini, miwani puani, hata salamu hakuisikia.

Kesho yake akamwita binti yangu, Kidoti kama tunavyomwita, aje ajaribu gauni. Likapita kichwani, likapita mabegani, likateremka moja kwa moja hadi miguuni. Kola yenyewe ilikuwa imenyooka kama ya waziri, ila ya shingo ya mwanamume mzima. Mama mkwe alikuwa ameanza na kola, kwa kipimo ambacho mikono yake ilikizoea, kisha gauni zima likaifuata.

"Bibi, hili la baba?" Kidoti akauliza, amesimama katikati ya maua.

Mume wangu alicheka mpaka akashika ukuta. "Mama, humu hata mimi naenea!"

Mama mkwe hakucheka. Akaketi taratibu. "Mmeona? Najua kipande. Nguo nzima siijui, na kwa uzee huu nitajifunzia wapi?"

"Darasa la ushonaji liko jirani na langu," nikasema. "Twende wote."

"Nikakae na vitoto, wanicheke?"

"Watakucheka kwenye mikono, mama. Ikifika kola, watahamia meza yako."

Mdomo wake ukacheza kidogo. Akaliokota gauni, akaligeuza ndani nje, akaanza kufumua mshono mmoja baada ya mwingine, akiung'ata uzi pale ulipokataa.

"Mnaanza saa ngapi huko?"

"Saa kumi na moja."

"Basi msinisemeshe." Akajivuta kwenye kiti, tepu ya kupimia mkononi. "Kidoti! Hebu niletee hiyo shingo."