Mwenyeji wa Mashindano

Alasiri ile Marselina alikuwa barazani anapepeta mchele, kuku wamemzunguka wakingojea chenga, pale Evance wa bodaboda alipomletea mgeni. Mgeni alivaa koti zito la nchi za baridi na alishika sanduku dogo. Alikuwa ameshuka treni stesheni ya Kilosa, na alipoulizwa anamtafuta nani, alijibu kwamba anamtafuta mwenyeji. Evance hakuona ugumu katika jibu hilo. Mto Mkondoa ulipofurika na kuwatoa watu majumbani, waliokosa pa kulala walipelekwa kwa Marselina, mwisho wa mtaa wa Magomeni. Basi na huyu alimpeleka huko huko.

"Mama, nimekuletea Mashindano," alisema, akageuza pikipiki.

Ndiye yeye mwenyewe, Mashindano makubwa ya mpira ya mataifa, aliyekuwa akisemwa redioni kila siku. Marselina alimsogezea kigoda, kisha akasita, maana hakujua kati yao nani anastahili kumwamkia mwenzake. Akamuuliza umri. Mashindano akasema alianza kabla yeye hajazaliwa, kwa hiyo Marselina akakunja goti kidogo na kusema shikamoo.

"Marahaba," Mashindano aliitika, na mwitiko ule ulikuwa wa uwanja mzima, watu maelfu kwa maelfu, ila kwa sauti ya chini, kama mvua inayopiga mabati ya nyumba ya mbali.

Wakati wa kula alieleza kilichomtoa huko alikotoka. Mataifa yalikuwa yanagombana nani amchukue. Moja lilikuwa na viwanja vya kung'aa lakini halikuwa na watu wa kuvijaza. Jingine lilikuwa na watu tele, lakini viwanja vyake vilikuwa bado kwenye karatasi. La tatu lilisemekana limewahonga wapiga kura, nalo likajibu kwamba hata waliopewa safari iliyopita walihonga, tofauti ni kwamba wao walihonga kwa adabu. Katika maneno yote hayo hakuna aliyemuuliza yeye amelala wapi. Akachoka, akapanda treni.

Marselina alimwongezea mlenda.

Asubuhi majani yalikuwa yameota chini ya kitanda cha mgeni, mafupi na sawasawa, na mstari mweupe wa chokaa ulikuwa umekatiza sebuleni ukapita chini ya kabati. Marselina aliufagia, ukarudi. Akahamishia viti upande mmoja, maisha yakaendelea. Jirani yake Bonifas alipokuja kuomba chumvi alisimama mlangoni, akautazama mstari, akalitazama jiko.

"Dada, sufuria lako limeotea," alisema.

"Ndiyo maana haliivishi," Marselina alijibu.

Nyumba yenyewe ilikuwa kota ya shamba la mkonge. Baba yake alitoka Songea akiwa manamba, kibarua wa mkataba, akakata mkonge mpaka mgongo ukagoma, na shamba lilipofungwa matajiri waliondoka, wakata mkonge wakabaki katika kota zao. Marselina alizaliwa humo, aliolewa na mtu wa reli humo, na alimzika kutokea humo. Kila mwaka alikwenda ofisini kuomba amilikishwe kiwanja, na kila mwaka aliambiwa kwa upole kwamba wanaanza na wenyeji. Alikuwa haombi kingine duniani.

Habari za mgeni zilifika Mikumi kabla ya wiki kuisha. Watu wa Mikumi walisema Mashindano ni wa kwao, kwa kuwa wao wana lami, hoteli na tembo. Watu wa Kilosa walisema aliposhuka kwa miguu yake mwenyewe ndipo alipopachagua. Mikumi wakadai dereva wa treni alipewa kitu. Kilosa wakadai tembo ni wa taifa, si wa Mikumi. Ikaundwa kamati, na mwenyekiti wake akawa bwana Godfrey, aliyehamishiwa wilayani mwaka uliopita na ambaye bado alikuwa anauliza njia ya kwenda sokoni.

Kamati ilikuja nyumbani kwa Marselina. Bwana Godfrey aliuruka mstari wa chokaa kwa uangalifu, akamwamkia vizuri, kisha akamuuliza asili yake.

"Nimezaliwa chumba kile," Marselina alisema.

"Sikuulizi ulikozaliwa, mama. Nauliza asili."

"Baba alitoka Songea."

Bwana Godfrey alitikisa kichwa kwa huruma ya kweli. "Basi na wewe ni mgeni, mama yangu. Mgeni hawezi kumpokea mgeni. Tutaonekana watu gani?"

Wajumbe waliafiki. Mashindano alipelekwa Mikumi kwa magari yaliyowashwa taa mchana, na ikaamuliwa kwamba Kilosa, ili isinung'unike, ipate uwanja wa mazoezi. Mahali pa uwanja palijulikana bila kupima, maana majani yalikuwa yameshaota. Kijana mwenye kopo la rangi aliandika X nyekundu ukutani kwa Marselina. Fidia, walieleza, itakuwa kwa wenyeji.

Huko hotelini Mashindano alipewa chumba chenye kiyoyozi na dirisha la kutazamia twiga. Humo halikuota hata jani moja. Sauti iliyokuwa kifuani mwake ilipungua, ikawa kama ya watu wachache wanaotazama mechi ya shule, halafu kama ya mtu mmoja anayekohoa jukwaani. Siku hiyo ndipo redio ilipotangaza kwamba lile taifa la viwanja vya kung'aa ndilo lililopewa Mashindano. Viongozi wa Mikumi waliondoka kwenda kuwalaumu wa Kilosa mbele ya waandishi, na wa Kilosa walikuwa wameshatangulia.

Marselina alifika mchana na hotipoti ya mlenda na ugali. Alimkuta Mashindano ameketi nje ya geti juu ya sanduku lake. Alikuwa amefungasha tangu asubuhi, lakini mgeni haondoki bila kusindikizwa, na hapakuwa na mtu.

"Wamekuacha hivihivi?" Marselina aliuliza.

"Wana shughuli nyingi."

Alimngoja ale, akamshikia sanduku, wakaifuata barabara kuu kuelekea Morogoro, ndani ya hifadhi. Malori yaliwapita taratibu. Mstari wa katikati ya lami ulikuwa mweupe zaidi pale walipokanyaga, na sauti kifuani mwa Mashindano ilianza kurudi, kidogo kidogo, jukwaa moja, halafu la pili. Tembo waliokuwa wanataka kuvuka walisimama pembeni, masikio yametandazwa, wakasikiliza mpaka wawili hao wakapita. Kwenye matuta ya barabara Mashindano alisimama akapokea sanduku lake.

"Rudi sasa, mwenyeji wangu. Umenifikisha."

Hakuna mtu aliyekuwa amewahi kumwita Marselina hivyo.

"Karibu tena," alisema.

"Ningekaribia. Lakini mimi sichagui."

Akaenda zake kati ya nyumbu na nyasi kavu, na kelele za mashabiki zikaenda naye, hadi pakasikika upepo peke yake.

Basi lilimshusha Marselina Magomeni jioni. Tingatinga lilikuwa limeshamaliza kazi na dereva wake alikuwa ananawa miguu kwa maji ya ndoo. Kamati ilikuwa imesema kuwa kukosa Mashindano si sababu ya kukosa uwanja, kwani siku akirudi lazima akute kila kitu tayari. Bonifas alikuwa ametoa vyombo na kuvipanga kando ya njia, kabati, sufuria na sanduku la nguo, kuku amewafunga miguu. Uzio mpya wa mabati ulizunguka mahali pote.

Marselina alisogea getini. Alitafuta kwa macho upande ulipokuwa mlango wake, asiuone, akasema, "Hodi."

Mlinzi, kijana wa Morogoro aliyeanza kazi siku ile, alitoka akampa shikamoo na kumweleza kwamba wageni hawaruhusiwi kuingia mpaka uwanja ufunguliwe. Alisema kwa adabu, na Marselina akamshukuru, akaenda kukaa juu ya sanduku lake la nguo. Ndani ya uzio majani yaliendelea kuota, mafupi na sawasawa, bila mtu kuyamwagilia.