Koti la Eliamini

Baba mkwe wangu, Mzee Solomoni, alikuwa mtu wa haraka. Chai aliinywa ikiwa bado inaunguza, na kesi za watu aliziamua kabla upande wa pili haujafungua mdomo. Ndiyo maana kaburi la mume wangu lilichimbwa kabla mtu yeyote hajauona uso wake.

Ilikuwa enzi za Mwingereza, masika ya mwaka ambao mvua ilisahau kupumzika. Mume wangu Eliamini alifanya kazi Moshi, kwenye kiwanda cha kukoboa kahawa. Kila Jumamosi alirudi kwa treni ya Arusha, akashuka stesheni ya Usa, akapanda mlima kwa miguu mpaka kwetu Nkoaranga. Jumamosi ile hakufika. Kesho yake tukiwa kanisani habari ikatufikia: maji yamekula nguzo za daraja, treni imetumbukia korongoni, na behewa la mbele, wanalopanda wafanyakazi, limelaliwa na mengine. Mwinjilisti hakumaliza sala.

Shemeji yangu Ndesanjo, mdogo wake Eliamini, alikimbilia huko. Mimi nilikatazwa kwa sababu ya mimba yangu kubwa. Nilikaa mlangoni nikiitazama njia. Aliporudi alikuwa na matope mpaka kiunoni. Alisema maiti wamelazwa kwenye nyasi kando ya reli, nyuso zimefunikwa magunia, na mmoja wao amevaa koti la Eliamini, lile la kahawia nililolitia kiraka cha bluu kwenye kiwiko.

"Ulimfunua uso?" nikamuuliza.

"Shemeji, ningemfunuaje?"

Ni kweli, angemfunuaje. Kwetu mdogo hamfunui kaka yake aliyekufa. Uso wa marehemu hutazamwa kwanza na baba, au na mke. Ndesanjo alisimama kando ya lile koti, akalia, akarudi. Ningekuwa yeye ningefanya hivyo hivyo.

Mzee Solomoni akaagiza majembe.

"Baba, nakuomba tusubiri," nilimwambia. "Mimi sijamwona."

"Utamwona akiletwa. Mvua ikizidi, tutamlaza kwenye tope?"

Wakachimba migombani, nyuma ya jiko. Kila jembe liliposhuka nilijishika tumbo. Nilimchukia mzee siku ile, nasema wazi.

Asubuhi tukasikia kwamba majeruhi na maiti wameletwa kwa lori la Singasinga mmoja kwenye hospitali ya misheni, ng'ambo ya bonde letu. Sikuomba ruhusa ya mtu. Nilishuka ile njia ya utelezi nimeshika migomba na kahawa, Ndesanjo nyuma yangu akinisihi nipunguze mwendo. Maiti walikuwa kwenye banda la kuni. Nililiona koti tangu mlangoni, na kiraka changu. Nilifumba macho ndipo nikalivuta gunia.

Alikuwa kijana nisiyemjua. Ndevu zilikuwa hazijamjaa, na ndewe za masikio yake zilikuwa zimetogwa zikaning'inia, kama za Waarusha wa upande wa pili wa mlima. Nikacheka. Mungu anisamehe, nilicheka mbele ya maiti wa mtoto wa mtu.

Eliamini alikuwa wodini, mbavu zimevunjika, anavuta pumzi kidogo kidogo kama mtu anayeiba. Daktari alisema hawezi kuniahidi kitu. Nilipiga magoti kando ya kitanda. Akanieleza kwa shida kwamba kijana aliyekaa naye alikuwa na homa, anatetemeka mpaka benchi linatikisika, naye akamvika koti. Halafu akanitazama.

"Baba ameshachimba?"

Alimjua baba yake. Nami nilishindwa kumdanganya.

Kwetu kaburi likishachimbwa halifukiwi tupu. Wazee husema litamtafuta mwenyewe mpaka limpate. Hukatwa mgomba ukazikwa badala ya mtu, na niliporudi nyumbani Mzee Solomoni alikuwa ameshashika panga, mwinjilisti amesimama mbele yake anakataa. Nikawaambia maneno ya Eliamini: yule kijana hajapata mtu wa kumchukua, basi aletwe alale pale.

Mzee alifikiri, na kwa mara ya kwanza sikumwona akiharakisha.

"Sawa. Lakini avuliwe koti. Kaburi la mwanangu, koti la mwanangu. Nje kutabaki nini?"

Hapo ndipo woga uliponiingia hasa, kwa sababu nilimwelewa: kaburi likishapata koti lake, litamtaka na mwenyewe. Nilirudi hospitali nimeshajiandaa kumvua yule kijana kwa mikono yangu. Kwanza nikamwuliza Eliamini.

"Alikuwa anasikia baridi, Anyesi," akasema. "Usimvue."

Mzee alinung'unika, lakini tukamzika na koti. Hatukuwa na jina la kumwita, mwinjilisti akamwita ndugu yetu tu.

Tangu siku hiyo sikupata raha. Mtoto alizaliwa, Eliamini akarudi nyumbani na fimbo, lakini kikohozi hakikumtoka kifuani. Akikohoa, nilikuwa natazama kule migombani. Akipita karibu na lile tuta, nilikuwa najipenyeza katikati kama mjinga, naye ananitania kwamba nauonea wivu udongo. Nilitaka kucheka, nikashindwa.

Wakati wa kuchuma kahawa akaja mama mmoja, amefunga shuka begani, miguu imejaa vumbi. Alisema anaitwa Sinyati, na amekuwa akiulizia stesheni hata stesheni habari za mwanawe Lerionka, aliyekwenda Moshi kutafuta kazi. Hospitali walikuwa wamemwelekeza kwetu. Tulimpeleka migombani. Alisimama kando ya tuta, nami nikawa naogopa atuulize kwa nini mwenye kaburi yuko hai na mwanawe amelala humo.

Alimgeukia Eliamini.

"Aliniomba blanketi, nikamnyima. Nikamwambia mwanamume hujitafutia lake. Nimekuja kuuliza hilo tu. Alizikwa na baridi yake?"

"Hapana, mama," Eliamini akasema. "Amevaa koti langu. Nilimvika yu hai, na hatukumvua."

Yule mama aliketi chini, akalia. Alipomaliza aliushika mkono wa mume wangu, akaufungua kiganja na kukitemea mate taratibu, kama wanavyobariki wao.

"Uzeeke," akamwambia. "Wewe uliyemvika mwanangu, uzeeke."

Alipoondoka nilikaa jikoni kumenya ndizi. Eliamini akakohoa kule uani. Niliendelea kumenya.