Filamu Isiyo na Sauti

Saa nne na dakika kumi asubuhi, viti mia mbili vya plastiki vilikuwa vimepangwa juu ya sakafu iliyowahi kubeba mitambo arobaini na minane ya kufuma. Mitambo yenyewe iliuzwa zamani kama vyuma chakavu. Mashimo ya bolti yalizibwa kwa saruji, lakini saruji mpya haikushika rangi ya ile ya kale, kwa hiyo aliyejua angeweza kuhesabu: mashimo manne, hatua mbili, mashimo manne, hatua mbili. Mke wa Mwenyekiti alihesabu kutoka mlangoni hadi thelathini na moja. Hapo palikuwa pake. Akasimama juu yake mpaka binti mwenye beji kifuani alipomshika kiwiko na kumpeleka mstari wa mbele, kwa mumewe.

Mumewe aliitwa Mwenyekiti hadi leo, ingawa kiti kiliondoka pamoja na kiwanda. Alikuwa amekiongoza chama cha wafanyakazi kwa miaka kumi na miwili. Wenzake wa zamani walikuwa wamepanga foleni kumpa mkono, na yeye alimwuliza kila mmoja habari za magoti.

Mkewe alikuwa na miaka sitini na minane na hakusikia neno. Masikioni mwake kulikuwa na mlio mmoja mwembamba, kama wa birika linalokaribia kuchemka, na birika hilo lilikuwa halijachemka kwa zaidi ya miaka thelathini.

Wafumaji wengi walikuwa hivyo. Zamani, mtu angepiga kelele sikioni mwa mwenzake humo ukumbini asisikike, ndiyo maana walijifunza kusema kwa midomo, bila sauti, kutoka mtambo hadi mtambo. Walisengenyana, walifarijiana, walitongozwa na kukataa, yote kimya. Shoga yake wa mtambo wa thelathini na nne alipewa jina la Kasuku na watu ambao hawakuwahi kuisikia sauti yake. Wakubwa wa ofisini hawakujifunza lugha hiyo. Wakiingia ukumbini walipanua midomo kama watu wanaotafuna kitu cha moto, wakiamini kelele za mitambo zimewafunika.

Wafumaji waliopeleka madai yao kwenye Baraza la Afya Kazini walikuwa kumi na tisa. Walitaka vifaa vya kusikilizia na matibabu. Sasa walikuwa wamebaki kumi na mmoja. Mmoja wa waliokufa aligongwa na lori lililokuwa likirudi nyuma taratibu, likipiga honi.

Afisa wa Baraza alikuwa amefika nyumbani kwa Mwenyekiti wiki mbili kabla, kijana mpole aliyeandika maneno yake kwenye karatasi ili bibi ayasome. Alieleza kuwa faili zima limesimama juu ya swali moja: je, vizibo vya masikio viliombwa, kisha kiwanda kikakataa?

"Tuliomba," Mwenyekiti alimwambia. "Wakatukatalia. Niliomba mimi mwenyewe."

"Vizuri sana, mzee," afisa akasema, huku akiandika. "Maana kama viongozi wenu hawakuomba, basi kisheria hakuna aliyekataa."

Zilihitajika sahihi mbili tu, ya kiongozi na ya mfumaji mmoja aliyekuwepo. Mwenyekiti na mkewe walikubaliana watie sahihi leo, mbele ya wenzao, ili ipendeze.

Juu ya jukwaa kulikuwa na kitambaa kirefu kilichoandikwa YA KALE DHAHABU. Wenye jengo sasa walikuwa wafanyabiashara wa maduka, na wao ndio waliogharamia sherehe. Mshereheshaji, ambaye hakuwa amezaliwa kiwanda kilipofungwa, alisema miaka ya sabini watu walikuwa watu. Mwenyekiti alimrudilia mkewe kila sentensi, akiitamka polepole kwa midomo yake, kama alivyofanya tangu masikio ya mkewe yalipokufa. Anasema mlango haukufungwa kwa kufuli. Anasema kila mtoto alikunywa maziwa. Anasema bendi ya kiwanda ilikuwa haina mpinzani.

Bendi ilikuwepo. Wazee sita, tarumbeta zilezile za shaba zilizong'arishwa, mashavu yamejaa upepo. Mke wa Mwenyekiti alipenda kuwatazama. Naye aliikumbuka miaka ile kwa wema, hakuona sababu ya kukana. Alikuwa na meno yote. Jumamosi walicheza dansi uwanjani, na ingawa kufikia mwaka wa tano alicheza kwa kufuata mtikisiko wa ardhi tu, alicheza. Walipewa nyumba yenye umeme na bomba la ndani, nyumba ya daraja la pili, wakati wafumaji wengine walichota maji kwa foleni. Na alikuwa na mume aliyemtetea.

Usiku mmoja mumewe alikuwa amerudi kutoka kikaoni, akatupa kofia kitandani, akasema, "Wamekataa vizibo." Alikataa kula. Alisema hasira imemshibisha. Mkewe alimkanda miguu kwa maji moto, akamlilia yeye, si masikio yake mwenyewe. Mwaka ule sikio la kushoto lilikuwa bado linashika king'ora cha zamu.

Mapazia yakafungwa. Filamu ya kiwanda ya miaka ile ilikuwa imepatikana kwenye ghala la serikali, ndani ya makopo yaliyoota kutu. Ilipigwa bila sauti. Vijana walikuwa wameiwekea muziki. Mwenyekiti alimtafsiria hayo pia, kisha akageukia ukutani kama wengine.

Wanawake wenye aproni nyeupe wakatokea, wakicheka. Alizikumbuka aproni hizo. Ziligawiwa asubuhi ya siku ya kupigwa picha, zikakusanywa jioni na mtu aliyekuwa na orodha. Yakatokea maziwa yakimiminwa, kikombe kikijaa hadi ukingoni. Siku hiyo kweli yalijaa.

Ukumbi mzima ulikuwa unajitafuta. Wafumaji wenzake kumi, waliokaa pamoja mstari wa tatu, walikuwa wameinamisha vichwa mbele, kila mmoja akisaka uso wake wa ujana, na kila aliyejiona alimpiga mwenzake paja. Mke wa Mwenyekiti alijiona mapema. Alikuwa mwembamba, nywele zimefungwa, mkono juu ya mtambo wa thelathini na moja. Mpiga picha akampita. Kwa hiyo hakuwa na kingine cha kutafuta, akabaki anatazama watu wawili waliosimama mbele ya mtambo wake, nyuso zao zikielekea kamera. Mmoja alikuwa Meneja wa kiwanda. Mwingine alikuwa mumewe, shati jeupe, kalamu mfukoni.

Walikuwa wanazungumza. Walipanua midomo, kwa sababu ya kelele.

*Na vile vizibo vya masikio?* alisema Meneja.

*Vifute,* alisema mumewe. *Tuletee tarumbeta.*

*Wakiuliza?*

*Niachie mimi. Nitawaambia mmekataa.*

Meneja alicheka, akampiga begani, akasema neno la mwisho akiwa amegeuka nusu. Mke wa Mwenyekiti alilipata nusu hiyohiyo: *nyumba.* Kisha kamera ikahamia kwenye majora ya nguo.

Mdomo ule alikuwa ameusoma kwa miaka arobaini na mitano. Aliujua ukiwa na njaa na ukiwa na homa. Hakuhitaji kuurudia.

Taa zilipowashwa, Mwenyekiti alimgeukia, macho yake yamelowa.

"Umejiona?" alisema kwa midomo. "Ulikuwa mzuri, we mwanamke."

"Nimekuona wewe."

"Mimi? Kijana yule?" Akacheka. "Alikuwa na nywele."

"Ulikuwa unasema nini na Meneja?"

Mwenyekiti alitoa leso, akajifuta jicho moja, kisha la pili, kisha akaikunja leso pande nne.

"Nani atakumbuka? Mambo ya kazi. Filamu yenyewe haina sauti, na hata ingekuwa nayo, mitambo ingeimeza."

"Mitambo ingeimeza," alirudia mkewe.

Mwenyekiti aliitwa jukwaani. Alipanda ngazi tatu kwa mkongojo, na kutoka pale juu akasema, akimwelekea mkewe ili asome vizuri, kwamba walipigania masikio ya mama hawa kama simba, na kwamba mkewe ni shahidi, maana usiku ule alimwona alivyoshindwa kula. Watu wakasimama kupiga makofi. Mkewe aliyaona makofi yakianza mbele na kurudi nyuma, mstari kwa mstari.

Mwenyekiti alitia sahihi hapohapo, herufi ndefu. Afisa akashuka na fomu, akaiweka mapajani mwa bibi, akamwonyesha kwa kidole: *Vizibo viliombwa kwa niaba ya wafanyakazi, vikakataliwa.* Chini yake kulikuwa na mstari mtupu. Akatoa kifuniko cha kalamu, akamnyooshea.

Mke wa Mwenyekiti aliitazama kalamu. Kisha akageuka nyuma. Mstari wa tatu, wanawake kumi walikuwa wanamsubiri. Mmoja wao alikuwa tayari amekunja kiganja nyuma ya sikio, kwa utani, akijifanya anasikia.

*Mbona hutii sahihi?* Kasuku alisema bila sauti, juu ya vichwa vya watu.

*Mlijitazama wenyewe,* alijibu, naye bila sauti. *Mtazameni yeye. Mdomo wake.*

Kasuku alikunja uso. Hakuelewa bado.

Ndipo mke wa Mwenyekiti akafungua kinywa na kusema kwa sauti, sauti kubwa isiyo na vipimo, kama ya watu wasiojisikia.

"Rudisheni picha."

Ukumbi ukaangua kicheko cha furaha. Mshereheshaji alishika kifua. Alisema kwenye kipaza sauti kwamba mama hajashiba, na nani angeshiba enzi kama zile. Akampungia kijana wa kuonyesha filamu airudishe tangu mwanzo. Bendi ikanyanyua tarumbeta. Mwenyekiti alishuka jukwaani, akarudi kukaa, akamfunika mkewe mkono kwa mkono wake, akitabasamu kwa walio pembeni.

Mapazia yakafungwa tena. Aproni zikapita. Maziwa yakajaa. Mstari wa tatu hakuna aliyempiga mwenzake paja safari hii. Afisa alibaki amesimama gizani, kalamu imenyooshwa, kwa kuwa hakuna aliyekuwa ameipokea.

Mtambo wa thelathini na moja ukatokea ukutani. Kijana mwenye shati jeupe akamsogelea Meneja na kufungua mdomo, na mkono wa Mwenyekiti ukajiondoa taratibu juu ya mkono wa mkewe.