Mlango wa Karavani

Nabalayo alijua tangu zamani kwamba mumewe ni mpumbavu, lakini hakujua kwamba upumbavu unaweza kuwekewa magurudumu. Siku Shiundu alipoingia mtaani kwao Mowlem, Nairobi, akikokota karavani kuukuu nyuma ya pikapu, akipiga honi kana kwamba analeta bibi harusi, Nabalayo alisimama kwenye roshani na nguo mbichi mikononi, akashindwa hata kutukana.

"Mama Nekesa, shuka uone nyumba yako!" Shiundu aliita, ili ploti nzima isikie.

Nyumba! Kwao kijijini, magharibi, mwana aliyeoa halali chini ya paa la babake. Anajenga. Luseno, mdogo wake Shiundu, alikuwa amejenga kitambo. Shiundu, mfunga spika za magari kule Shauri Moyo, alikuwa na kiwanja kilichoota nyasi na maneno mengi. Kwa hiyo kila Krismasi Nabalayo alilala jikoni kwa mke wa Luseno, moshi ukimwingia puani, na asubuhi mwenye jiko akamuuliza kwa sauti tamu kama amelala salama. Mwaka huu Shiundu alikuwa ameapa kwamba mkewe atakuwa na mlango wake mwenyewe. Na kweli, karavani ilikuwa na mlango. Mzuri, wa rangi ya samawati, wenye kitasa cha shaba na ufunguo.

Aliyejaribu kumsaidia Shiundu ni Mahad wa ghorofa ya chini, anayevuta trela la mbuzi kila wiki kuja machinjio ya Kiamaiko.

"Baba Nekesa, nisikize," alisema. "Vitu nzito weka mbele kidogo ya hizo magurudumu, si nyuma. Barabarani usipite themanini. Na ikianza kucheza, usiguse breki. Toa tu mguu kwa mafuta, shika usukani freshi, itulie yenyewe."

"Hiyo ni mwendo ya mbuzi," Shiundu akajibu. "Mimi nabeba nyumba."

Nabalayo aliona haya kwa niaba yake, maana mwenyewe haya hakuwa nayo.

Asubuhi ya safari, watoto wakiwa wametangulia na nyanya yao, watu wa magharibi wote pale mtaani walileta mizigo. Ndivyo ilivyo Desemba; anayekwenda nyumbani na gari hawezi kukataa mfuko wa jirani. Tangi la maji la mama ya fulani, magunia ya sukari, mabati, jiko la chuma, kochi lililofungwa kwa nailoni. Shiundu alipokea kila kitu kwa madaha ya mheshimiwa, na kwa kuwa mlango ulikuwa nyuma, kila kitu kikabaki nyuma. Nabalayo alimkumbusha maneno ya Mahad. Shiundu alicheka, akamwambia mwanamke asubiri kupikiwa chai ndani ya nyumba yake.

Hadi Naivasha alijitahidi kwenda polepole, na jitihada hiyo ilimuumiza kama jino bovu. Lori la kabeji likampita. Akafyonza. Basi la kanisa likampita, watoto wakapunga mikono. Akafyonza tena. Kisha, mbele ya Gilgil, kigari kidogo cheupe kikapita taratibu, na dirishani alikuwa Luseno, naye akienda nyumbani, akiinua kidole kimoja kumsalimu kaka yake.

Hapo akili, kama ilikuwemo, ilishuka garini.

"Baba Nekesa, ni themanini," Nabalayo alisema. "Tisini hiyo! Unaenda wapi?"

"Siwezi kuachwa na Luseno."

Ilipofika mia na kumi, kwenye mteremko, karavani ilianza kutikisa makalio. Pikapu ikavutwa kushoto, ikavutwa kulia. Nabalayo alipiga kelele, "Usiguse breki! Toa mguu!" Shiundu akakanyaga breki kwa miguu yote miwili.

Hawakuumia. Mungu huwahurumia hata watu wa aina ile. Pikapu iligeuka ikatazama Nairobi, karavani ikang'oka, ikabiringika mtaroni na kupasuka kama boksi la mayai. Sukari ya watu ilimwagika nyasini. Shiundu alisimama kando yake akieleza kila aliyesimama kwamba upepo ulikuwa mbaya. Hakukuwa na upepo.

Nabalayo alishuka mtaroni, akapekua mabati hadi akaupata mlango wa samawati, mzima, ufunguo bado umo. Luseno alipogeuza gari akarudi, Nabalayo aliufunga mlango ule juu ya paa la gari lake, akaketi kiti cha nyuma.

"Na mimi?" Shiundu aliuliza.

"Linda nyumba yako," mkewe akamwambia.

Shiundu alifika kijijini siku ya Krismasi yenyewe, kwa miguu kutoka barabara kuu, vumbi hadi kwenye nyusi. Ukoo mzima ulikuwa umekaa uani. Kwenye kiwanja chake aliona nguzo mbili zimechimbiwa, na katikati yake mlango wa samawati umefungwa. Nyuma yake hapakuwa na ukuta wala paa. Nabalayo alikuwa upande wa ndani, kwenye kigoda, amekunja mikono. Shiundu akataka kupitia kando.

"Rudi," mkewe alisema. "Piga hodi."

Alitazama ndugu zake. Hakuna aliyemtetea. Akarudi, akabisha.

"Nani?"

"Ni mimi, Mama Nekesa."

"Umekuja na mwendo gani?"

Mke wa Luseno aliziba mdomo kwa leso.

"Polepole," Shiundu alisema.

Nabalayo akageuza ufunguo, akamfungulia. Kisha akampa jembe, akamwonyesha kamba aliyokwisha kuitandika kwenye nyasi, mahali pa kuchimba msingi.