Mama Si Trela

...haya zima basi, Mama Mapacha, zima, injini mpya haiachwi inaunguruma bure, mumewe anasema, na yeye anazima, kiyoyozi nacho kinakata roho, joto linaingia bila hodi, na mbele yao yule mtu wa ukarabati wa barabara amesimama vumbini na kibendera chake chekundu, hana habari na mtu, malori ya kokoto yanapita upande wa pili, moja, jingine, na mama yuko kwenye benchi... benchi la mbao pale kwenye geti la hospitali walipomwacha, mguu ameunyoosha kwa sababu haukunjiki tangu apasuliwe nyonga, fimbo mapajani, godoro lake limekunjwa na kufungwa kamba, na mdogo wake mama kasimama kando na simu sikioni anamtafutia usafiri mgonjwa ambaye binti yake ana gari, binti yake huyu hapa, ameshika usukani wa gari linalonuka upya mpaka kichwa kinauma. "Ukifika kule juu usishike kasi moja tu," mumewe anasema, "ipandishe, ishushe, ipandishe, ishushe, zile ringi za pistoni zinahitaji kukaa mahali pake taratibu, unanisikia?" Anamsikia. Atakosaje kumsikia, tangu gari lifike nyumbani hana wimbo mwingine, kuizoesha injini, kuizoesha injini, anakula akiizungumzia, analala akiizungumzia, na leo kasimama mbele ya mama mkwe wake, mikono mfukoni, akamwambia kwa sauti ya upole kabisa, mama, utatuwia radhi, gari bado changa hili, halijaruhusiwa mzigo. Mzigo! Na mama, Mungu wangu, mama akacheka kile kicheko chake cha kufunika mdomo kwa kiganja, akasema, "Nendeni tu wanangu, msije mkaharibu gari kwa ajili yangu," na yeye binti yake akasema nini? Akasema sawa. Akaingia, akafunga mkanda, akaliondoa gari pole pole isije ringi ikaumia, na benchi likawa dogo kwenye kioo, dogo, dogo... tazama sasa mumewe anavyolipapasa gari, kiganja chake kinatembea juu ya dashibodi kama anabembeleza mtoto mwenye homa, mkono huohuo, wakati yeye ana mimba ya mapacha na lifti ya lile jengo walilopanga ilikuwa pambo tu, ulikuwa wapi? Ulishika funguo. Yeye nyuma na mtungi wa gesi, ghorofa ya nne, tumbo mbele mtungi ubavuni, na bwana mkubwa ngazi mbili juu yake anageuka kusema angalia, angalia, usije ukakwaruza ukuta. Ukuta! Ndiye mama aliyekuja, mapacha walipozaliwa, akalala sakafuni jikoni kwa sababu kochi la sebuleni lilikuwa la shemeji asiyetafuta kazi, pacha mmoja mgongoni, mwingine mapajani, anakoroga uji kwa mkono uliobaki, na huyu anaonja mchuzi anasema chumvi imezidi kidogo, mama... "Na mafuta ya injini tutabadilisha mapema," anasema, "fundi wa ile yadi tulikolinunua alisisitiza, huwa kuna vichembe vya chuma mwanzoni." Fundi wa yadi. Lakini fundi wa yadi alisema na mengine, yeye alikuwepo, alisimama palepale juani, yule fundi mwenye pengo akapangusa mikono na tambara akasema, shemeji, msiikimbize, msivute trela, msipakie saruji, basi, watu wapande tu, wapande, injini isiyofanya kazi kidogo haizoei, na huyu akacheka, akarudia, eti watu wapande tu, wapande. Alisikia. Na Jumamosi? Jumamosi si aliwapakia rafiki zake wanne kwenda mpirani, yule mwenye bucha peke yake ni uzito wa mama mara mbili, na wakaupanda mlima wote wakiimba, akarudi kifua mbele, mke wangu, gari linapanda kama swala! Jumamosi ringi zilikuwa likizo? Aa. Aa, kumbe... hasira yote iliyokuwa ikimchemka kifuani inatulia ghafla, haipoi, inatulia, kama maji yanavyotulia ukaona chini, na chini hakuna injini. Kuna mama. Kuna mama akiuguzwa kwao, kwenye chumba cha mapacha, kikohozi cha mama usiku, fimbo ya mama ikigonga koridoni, mama akishikwa mkono kupelekwa chooni, hilo ndilo mumewe asilolitaka, na hakuwa na ubavu wa kulisema kwa kinywa chake, akaituma injini imsemee. Na yeye akaipokea salamu akajibu sawa. "Unacheka nini?" mumewe anauliza, kumbe amecheka, hakujua, lori jingine linapita, kokoto zinaruka, kibendera kiko juu vilevile. Anatazama kioo, nyuma yao barabara ni nyeupe, hakuna gari hata moja. Anazungusha ufunguo. "Aa-aa, unawasha ya nini? Bado hajaturuhusu." "Najua." "Sasa?" "Hamia kiti cha nyuma, Baba Mapacha." "Nyuma? Nyuma nikafanye nini?" Mtu wa kibendera anapiga miayo. "Ukalishike godoro," anamwambia, "mama atakaa mbele, mguu wake haukunjiki."