Sungura wa Jenifer

Dorotea alikuwa na mengi ya kumdharau mke wa mwanawe, na mengi ya hayo yalikuwa madogo ya kawaida tu: chapati zake nene, cherehani yake iliyojaa barazani, vicheko vyake na wateja wanaopunguza magauni. Hayo angeweza kuyameza. Sungura hakumezeka.

Alikuwa mweupe pe, masikio marefu, na jina lake lilikuwa Supa, kama mchele. Tena aliishi ndani. Kila Dorotea alipomsimulia mtu habari hizi, baada ya misa au dukani, alianzia hapo. "Ndani," alisema. "Si uani na kuku. Ndani, kwenye korido, chini ya mita ya LUKU, ana nyumba ya mbao yenye chini na juu. Mimi nimezaa watoto watano na sijawahi kulala ghorofani."

Kule Malinyi alikotoka, sungura walikuwa wa aina mbili: anayekula kunde shambani na aliyeko chunguni. Sasa hapa Mlabani, mjini Ifakara, nyumbani kwa mwanawe, Dorotea alitakiwa kuamini kuna wa tatu, anayehudumiwa.

Na alihudumiwa kweli. Kila asubuhi, kabla hata ya kuinjika chai, Jenifer alitoka na kisu kukata matembele na nyasi laini kando ya mfereji. Angempa hapo hapo ingekuwa nafuu. Lakini hapana, mheshimiwa hali majani mabichi yenye umande, yatamjaza tumbo. Kwa hiyo Jenifer aliyatandaza kivulini mpaka yanyauke, na aliyatandaza kwenye ungo, ungo ule ule wa kupepetea mchele wa watu. Kisha akafagia vinyesi vyake vilivyotapakaa kama pilipili manga, akabadilisha nyasi kavu za kulalia, akamchana manyoya kwa brashi. Kucha alimkata kwa kikatakucha, amempakata mapajani, anamsemesha taratibu asiogope. Waya wa televisheni alipoutafuna, hakuchapwa. Waya ndio uliovishwa mpira.

Lililomkera Dorotea kuliko yote lilikuwa la chupa. Siku moja jua la Ifakara lilikuwa limewaka mpaka bati zinalia, naye akafungua friji akakuta chupa ya maji iliyoganda, akashukuru Mungu. Jenifer akaja akasema kwa adabu zake zote, "Samahani mama, hiyo ni ya Supa. Huwa naizungushia kitambaa aegemee, joto linaweza kumuua."

Dorotea aliirudisha chupa, akaenda kunywa maji ya mtungi. Toka siku hiyo alijua mwanamke huyu hafai.

Angeyavumilia yote hayo kama kungekuwa na mtoto ndani ya nyumba. Hakukuwa na mtoto. Jenifer na Raimundi walikuwa na miaka sita ya ndoa, na kwa miaka miwili ambayo Dorotea alikuwa akikaa nao, hakuna hata siku moja aliyomsikia binti yule akilalamika kichefuchefu. Alipomuuliza, Jenifer alijibu kwa sauti ndogo, "Tatizo liko kwangu, mama," akainamia cherehani yake. Basi, Dorotea aliwaambia watu, ndiyo maana ana sungura. Mahali pa mtoto kaweka masikio.

Alimwonea huruma mwanawe. Raimundi alikuwa mwanamume wa kuonekana, mwenye mashine ya kukoboa mpunga, sauti yake ikipanda hata wabeba magunia wanasahau walikuwa wanacheka nini. Mwanamume kama huyo kufunga ndoa na sungura. Naye wala hakulalamika. Asubuhi na jioni alisimama koridoni kuangalia uniti za umeme kwenye LUKU, muda mrefu, amewapa mgongo, na Dorotea alimsifu moyoni kwa kuwa mtu wa uangalifu. Kumbe na umeme siku hizi unataka kuchungwa.

Ndipo akamwita Nikodemu. Nikodemu alikuwa mdogo wa marehemu mume wake, na kwa kuwa kaka yake hayupo, yeye ndiye aliyebaki na kauli katika ukoo. Dorotea alimpigia simu akamwambia aje azungumze na Raimundi habari ya mwanamke huyu, na maneno yake yalikuwa tayari: arudishwe kwao kwa heshima, na mwanawe atafute mwingine angali na nguvu. Nikodemu alikubali. Alisema atakuja Jumamosi, na alisema kwa sauti ya mtu anayetegemea kula.

Hapo kukawa na kazi. Katika ukoo ule, mkubwa hapewi nyama ya buchani, vipande vilivyokatwa na mtu asiyemjua. Anawekewa kitu kizima, chenye kichwa chake, na kichwa ndicho anachoanza nacho. Bila hivyo anaweza kula, akashiba, na akaondoka bila kusema alilojia. Na kuku wa Dorotea walikuwa wamemalizwa wote na ugonjwa wa kideri mwezi uliopita. Kumchinja sungura alikufikiria, lakini Nikodemu angeona amechezewa, kuitwa kutoka Malinyi kuja kukabidhiwa kichwa chenye masikio.

Jumamosi asubuhi, Jenifer akiwa barazani na mteja, Dorotea alimtoa Supa kwenye ghorofa lake, akamtia kikapuni, akamfunika kanga, akapanda bodaboda mpaka Kivukoni. Alimfahamu Mariana, mwuza samaki wa kule karibu na daraja, toka usichana wao.

Mariana aliinua kanga, akaangalia. "Dorotea, huyu mbona manyoya matupu."

"Ana nyama. Amekula kuliko mimi."

Mariana alimpima kwa mkono, akaguna, akampa kambale wawili wakubwa ambao bado walikuwa wanatikisa mikia. Sungura akamsukumia katika tenga la kuku, akasema ana wageni jioni, atamchinja wakifika. Dorotea alirudi mjini mwepesi kama msichana. Mlango wa nyumba ya mbao aliuacha wazi, aonekane katoroka.

Jenifer alipokea kambale, akawasafisha, akawapika kwa nazi. Hakuuliza wametoka wapi. Mara moja tu aliangalia kikapu, ambacho kilikuwa na manyoya meupe mawili matatu yamenasa kwenye ukindu, akakichukua akaenda kukikung'uta uani. Dorotea alimwona na akasema moyoni, na alie sasa. Jenifer hakulia. Aliendelea kukoroga.

Nikodemu alifika saa sita, akaamkiwa shikamoo zake zote, akaketishwa sebuleni. Raimundi alifika baadaye kidogo kutoka mashineni, vumbi la pumba kichwani. Kabla ya kuingia sebuleni alipitia koridoni kuangalia LUKU.

Dorotea wakati huo alikuwa nyuma ya jiko, anajaza maji kwenye birika la kunawia mgeni. Alisikia hatua za mwanawe zikija haraka, kisha sauti yake, ile ile ya mashineni, ila safari hii imebanwa isifike sebuleni.

"Supa yuko wapi?"

"Sijui. Nadhani nilisahau kufunga mlango," alisema Jenifer.

"Ulisahau? Jambo moja nimekuomba katika nyumba hii, moja, umtunze vizuri mimi nikiwa kazini. Nimemlea tangu anaenea kiganjani. Unajua nje kuna mbwa?"

"Najua."

"Kazi yako wewe ni ipi? Hebu niambie, kazi yako ni ipi hasa?"

Kisha Dorotea akasikia kitu ambacho hakukisikia toka Raimundi akiwa na kaptura: mwanawe anavuta kamasi. Jitu zima, mwenye mashine, analia jikoni kwa ajili ya sungura. Na Jenifer anamwambia, "Futa uso. Baba mdogo yupo."

Birika lilijaa likafurika miguuni pa Dorotea. Alisimama pale akiunganisha mambo, na kila alipounganisha alizidi kujiona mjinga. LUKU. Miaka miwili mtu anaangalia LUKU. Matembele, ungo, brashi, chupa ya barafu, yote alikuwa amemhesabia binti wa watu, akayatangaza mpaka kanisani, na binti wa watu hakuwahi kusema hata mara moja kwamba si wake. Na hata sasa, anajua fika nani aliyebeba kikapu, amesema ni yeye aliyesahau mlango.

Walinawa, wakaanza kula. Nikodemu alipewa kichwa cha kambale, akakishughulikia kwa utulivu mpaka kikaisha, akalamba vidole. Jenifer alikuwa amekaa kwenye kigoda karibu na mlango, mbali na sinia. Ndipo Nikodemu akakohoa.

"Raimundi, mama yako ameniita. Nimeambiwa nyumba hii haina mtoto, lakini ina sungura analala ndani na kuwekewa barafu. Nikasema nije nisikie mwenyewe. Huyo sungura ni wa nani?"

Lilikuwa swali jepesi. Dorotea alimkazia macho mwanawe, na kwa mara ya kwanza siku hiyo alikuwa anamwomba Mungu kitu kwa dhati.

Raimundi alicheka kicheko kifupi. "Aa, baba mdogo. Mimi na sungura wapi na wapi? Ni mambo ya wanawake hayo. Muulize mwenzangu."

Nikodemu akamgeukia Jenifer. Jenifer aliangalia chini, akafungua mdomo, na Dorotea alijua sawasawa litakalotoka. Lingetoka lile lile la siku zote. Angesema ni wake, Nikodemu angetamka arudishwe kwao, jioni hii hii mtoto wa watu angekuwa anafunga cherehani yake, na Dorotea angekuwa amepata kila alichokitaka.

"Ni wa Raimundi," alisema Dorotea.

Mkono wa Raimundi ulibaki na tonge njiani.

"Ni wake. Nimemsikia jikoni sasa hivi anamfokea mkewe na kumlilia sungura wake. Aliyemtoa ni mimi. Nimempeleka Kivukoni kwa Mariana, na kambale tunaowala ndio yeye."

Nikodemu aliangalia mwiba mkononi mwake, akauweka pembeni ya sinia.

Na Raimundi, yule yule aliyeuliza kazi yako ni ipi, alilainika uso mzima. "Aa, mama," alisema. "Kama ni wewe, hakuna neno. Si ni mnyama tu."

Dorotea alikuwa amewadharau watu wengi maishani mwake, na kwa wengine alifanya hivyo kwa raha. Dharau hii haikuwa na raha. Alimwangalia mtoto wake wa mwisho, aliyemnyonyesha kuliko wote, akaona amefyata mkia mbele ya mama yake baada ya kumpandia mkewe.

"Kama ni mnyama tu, mkeo umemfokea kwa nini?" alimuuliza.

Raimundi alirudisha tonge kwenye sinia.

"Inuka. Chukua pikipiki yako uende Kivukoni, labda bado hajachinjwa. Ukifika, uwaambie wote walioko pale kwamba sungura ni wako. Usimwambie Mariana kwamba ni wa mkeo. Nitampigia simu nimuulize umesemaje."

Aliinuka, akapapasa ufunguo mfukoni, akatoka kuelekea koridoni. Nikodemu, ambaye safari yake yote kutoka Malinyi ilikuwa imeharibika mkononi mwake, alisema, "Mimi niliitwa kuja kuzungumza habari ya mwanamke."

"Nilikosea mtu," alisema Dorotea. Kisha akasogea kwenye mkeka, akaacha nafasi. "Jenifer, njoo ule."

Jenifer hakusogea. Alikuwa amemtazama mama mkwe wake usoni, na Dorotea aliutambua mtazamo ule wa dharau, kwa sababu alikuwa ameutumia yeye mwenyewe kwa miaka miwili. Hakuwa na haki ya kuulalamikia. Lakini wazo lilikuwa limeshamjia, na lilikuwa linamtisha.

"Huyu sungura umembebea miaka yote hii," alisema polepole. "Kuna kingine ulichombebea?"

Jenifer alikunja upindo wa kanga yake, akaukunjua.

"Tulipimwa wote wawili, mama," alisema. "Mwaka wa pili wa ndoa. Mimi sina tatizo. Aliniomba niseme ni mimi."

Dorotea aligeuza shingo. Raimundi alikuwa hajaondoka. Alikuwa amesimama koridoni, ufunguo mkononi, na alikuwa amesikia. Macho ya mama yake yalipomfikia, aliinua kichwa, akawapa mgongo, akaanza kuangalia LUKU.

Wote watatu walimtazama akiangalia. Chini yake mlango mdogo wa mbao ulikuwa bado wazi, na chupa ya barafu ilikuwa imeyeyukia kitambaani.

"Raimundi," aliita Dorotea. "Zimebaki uniti ngapi?"