Mgane Aliyepokelewa na Wajane

Fundi bomba yule hakupelekwa ng'ambo kwa sababu ya upako, na alikuwa wa kwanza kukuambia hivyo. Wafadhili walitaka kila kundi linalokwenda kufundisha wachungaji liwe na mtu mmoja aliyeonja msiba, aeleze namna ya kuwafariji wafiwa. Mwenyekiti wa jimbo la kanisa akaona hapo pana nafasi ya kupumua.

"Mpelekeni yule fundi," alimwambia katibu wake. "Akawalaumu na wa huko, sisi tupumzike majuma mawili."

Ukuta wa ofisi ulikuwa mwembamba, kama kuta zote zilizojengwa chini ya usimamizi wa Mwenyekiti. Fundi alikuwa upande wa pili, kichwa kikiwa chini ya sinki, na kila neno likamfikia.

Angekataa, ila alikuwa na lake moyoni. Mkewe alipofariki, Mwenyekiti alikuja msibani akasimama mlangoni, akaomba huku gari linanguruma nje, kisha huyoo, akaenda zake. Hakuketi hata kidogo. Tangu siku ile fundi alikuwa akitunga hubiri moja kichwani, alitoe mbele ya wachungaji wengi, Mwenyekiti akiwepo na hana pa kukimbilia. Nyumbani haikuwezekana. Kila fundi aliponyoosha mkono kanisani, kipaza sauti kiliharibika. Ng'ambo labda vipaza sauti vilikuwa vizima. Na Mwenyekiti hakupata mapumziko yake: wafadhili walidai aongoze kundi yeye mwenyewe, pamoja na daktari mmoja wa theolojia.

"Baba, usiende kutuaibisha," binti yake alimwambia akimkunjia mashati.

"Mimi nina darasa la nne, mwanangu. Aibu yangu ni ndogo. Aibu kubwakubwa ziko kwa wenye digrii."

Ndani ya ndege aibu ndogo ilianza. Alishindwa kujua maji ya choo yanatokea wapi, yeye aliyefunga vyoo vya nusu ya mji. Alibonyeza kila kilichobonyezeka mpaka mhudumu akaja kugonga mlango. Akarudi kitini ameloa mikono yote miwili, akiilaumu serikali.

Walipotua, sanduku lake lilikuwa limekwenda arijojo. Nje walilakiwa na akina mama walioshika maua. Mbele yao alisimama mkalimani, muuguzi mstaafu aliyejifunza Kiswahili alipofanya kazi katika nchi ya akina fundi. Alimpa mkono Mwenyekiti, akampa mkono daktari wa theolojia, kisha akachungulia nyuma ya fundi.

"Mama yetu yuko wapi?"

"Mama yupi?" Mwenyekiti akauliza.

"Mjane. Mlituandikia mnaleta mjane. Atalala kwa wajane wenzake, afundishe wake za wachungaji."

Fundi naye akageuka kutazama nyuma, kana kwamba huyo mama huenda alikuwa bado anashuka. Hapo ndipo ilipomwingia akilini.

"Mjane mwenyewe ndiye mimi. Yaani, si mjane. Mimi ni mgane."

"Mgane ndiyo nini?"

"Mwanamume aliyefiwa na mke."

Mkalimani akamgeukia Mwenyekiti. Mwenyekiti akakohoa. "Sisi ofisini tunasema mjane tu, mama. Hicho cha mgane ni Kiswahili cha ndani sana."

"Kiswahili kina neno langu," fundi akasema. "Ofisi yenu ndiyo haina."

Lakini mipango ilishapangwa. Fundi akapewa chumba nyumbani kwa wajane, chenye mapazia ya waridi, na kitandani gauni la kulalia lililokunjwa vizuri. Kwa kuwa hakuwa na sanduku, akalivaa. Lilimkaa barabara, na hilo ndilo lililomuudhi zaidi.

Basi daktari akawafundisha wachungaji ukumbini, na fundi akaketi darasani na wake zao, waliokuwa wameshaandaa maswali ya mjane.

"Mashemeji walikunyang'anya nyumba?" mmoja alimuuliza kupitia mkalimani.

"Wangenyang'anya nini, dada? Nyumba ya kupanga. Mwenye nyumba alikuwa na hamu ya kuninyang'anya kabla yao."

Wakacheka mpaka wakafutana machozi. Fundi alifurahi, ila hakutaka ijulikane. Siku zilikuwa zinakwisha na hubiri lake bado liko tumboni.

"Dada yangu," akamwomba mkalimani, "nitafutie nafasi kwa wachungaji. Nikirudi nalo hili litaniua."

"Hubiri halimuui mtu."

"Hili litaua. Lina kutu."

Akamtafutia saa ya mwisho kabla ya chakula. Ukumbi ulijaa wachungaji kwenye viti vya plastiki, na feni moja juu iliyozunguka kwa kusitasita. Mwenyekiti alisimama mlangoni, simu sikioni. Fundi akaona hiyo ni bahati, akaanza. Akaeleza msiba, akaeleza mlango, akanguruma kama lile gari kwa mdomo wake mwenyewe. Mkalimani naye akanguruma. Mwenyekiti akashusha simu.

Mchungaji mmoja wa mbele, mwenye miwani iliyofungwa uzi, akainua mkono.

"Anauliza," mkalimani akasema, "ulitaka afanye nini?"

Fundi akafungua mdomo. Hubiri lake lilikuwa na sehemu ya gari, sehemu ya kuta, sehemu ya kipaza sauti. Hapo palikuwa patupu.

"Nilitaka aketi."

"Aketi, halafu?"

"Basi. Aketi tu."

Lilitoka dogo mno. Miaka yote ya kutunga, na kumbe ndani hamkuwa na kitu cha kujaza kijiko. Akangoja wacheke.

Mchungaji wa miwani akaburuta kiti chake mpaka miguuni pa fundi, akaketi. Wengine wakafuata, viti vikilia sakafuni. Hakuna aliyeomba. Fundi akabaki amesimama katikati yao kama mwizi aliyezingirwa, mpaka mkalimani alipomsukumia kiti nyuma ya magoti.

"Na wewe, baba," mkalimani akamwita Mwenyekiti, "ingia uketi. Chakula hakikimbii."

Kiti kilichobaki kilikuwa na ufa mguuni. Mwenyekiti akakikalia kwa tako moja, akikodolea macho vidole vyake. Hasira ya fundi ikawa kama bomba lililokatiwa maji, inakoroma tu bila kutoa kitu.

"Marehemu shemeji," Mwenyekiti akasema mwishowe, "alianza kuumwaje?"

Fundi alikuwa na jibu tayari: *Leo ndiyo unauliza?* Lilikuwa jibu zuri, limenolewa pande zote. Likafika mpaka kwenye meno. Akalimeza, likamkwaruza.

"Ilianza na kikohozi," akasema. "Tukadhani ni vumbi."

"Vumbi la nini?"

"La barabara. Waliichimba mbele ya nyumba, wakaiacha wazi hivyohivyo, wasirudi. Wale wakubwa wa barabara, ndugu yangu, wale..."

"Wale," Mwenyekiti akasema, akijisawazisha kwenye kiti, "ni wazembe kupindukia."

"Umeona eh?" fundi akasema, akasogeza kiti chake karibu.